Dhana ya Jipemoyo katika Utafiti Shirikishi

Makala haya mafupi yanafafanua uhusiano wa mwanaanthropolojia na jamii inayokusudia kubadili hali yake. Mfano wetu ni mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 magharibi mwa Bagamoyo chini ya uongozi wa Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini. Watafiti wa Kitanzania na wa Kifini walishirikiana na wakulima Wakwere na wafugaji Waparakuyo kuchambua matatizo ya maendeleo katika vijiji vyao.

Jina lenyewe lina fundisho. Kiambishi *ji-* cha kujirejea humfanya mtenda awe pia mtendwa: apewaye moyo ndiye ajipaye. Katika utafiti wa kimapokeo mwanakijiji ni yambwa tu: huhojiwa, hupimwa, huandikwa. Katika utafiti shirikishi hushika nafasi ya kiima: huuliza, huchambua, huamua.

Hata hivyo, mtafiti akiondoka na matokeo yaliyoandikwa kwa lugha wasiyoielewa wanakijiji, jamii hurudi kuwa yambwa. Hivyo basi, ripoti haina budi kurejeshwa kijijini kwa Kiswahili na kujadiliwa barazani kabla ya kuchapishwa.