MTOTO WA ASKARI AKIUGUA USIKU

Ziwa la Ng'ombe ni mtaa wa watu wengi upande wa bara wa Mombasa, na nyumba zake nyingi ni za kupanga. Askari asiyepata nyumba kambini hupanga chumba mitaani kama mtu mwingine yeyote, akamweka humo mkewe na watoto wake, naye akaendelea na kazi yake. Majirani husema kwamba mke wa askari hana haja ya kuhangaikia gharama za hospitali, kwa kuwa Serikali humtibu bure. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote.

Kweli yenyewe ni hii. Askari wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya aliye kazini hutibiwa kwa gharama za Serikali katika vituo vya matibabu vya kambi, na ugonjwa ukizidi hupelekwa Nairobi, kwenye Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi ya Ulinzi. Mke au mume wake na watoto wake walioandikishwa jeshini hushiriki katika neema hiyo.

Neema hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu mengi ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa wakibeba mizigo ya jeshi, na waliouawa na kuhara, homa na njaa walizidi kwa mbali waliouawa na risasi. Sanamu za askari zilizosimamishwa mjini Mombasa mwaka 1927 ni ukumbusho wa watu wa vita vile. Majeshi yalijifunza kwa hasara kubwa kwamba askari mgonjwa si askari. Na ilichukua muda mrefu zaidi kutambua kwamba askari ambaye mtoto wake ni mgonjwa nyumbani, naye hana habari zake, ni nusu ya askari.

Basi na ifikiriwe nyumba moja ya Ziwa la Ng'ombe, saa nane za usiku. Mtoto ana homa kali na anatetemeka. Baba yuko mbali; huenda yuko baharini katika meli ya Jeshi la Wanamaji, au yuko Somalia, ambako askari wa Kenya walianza kuingia Oktoba 2011. Simu yake haipatikani. Mama atakwenda wapi, na ataonyesha nini mlangoni?

Hapo ndipo jambo lote linapotegemea karatasi. Kambi haitambui damu, hutambua majina yaliyoandikwa. Mke ambaye ndoa yake haikuandikishwa, ijapokuwa mahari ilitolewa na wazee wa pande mbili walikula pamoja, si rahisi kumthibitisha karani kwamba ni mke. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kiserikali au ya kimila. Kadhalika mtoto ahitaji cheti cha kuzaliwa, na uzazi wapaswa kuandikishwa kabla ya miezi sita kupita. Baada ya hapo kazi huwa ndefu na yenye kuchosha. Askari wengi huahirisha mambo haya mpaka likizo ijayo. Likizo huja na kupita, na safari ya kazini haimngoji mtu.

Tena kuna umbali. Mke wa mwanamaji wa Mtongwe akikaa Ziwa la Ng'ombe, yambidi kupita Daraja la Nyali, kukatiza kisiwa kizima, kisha kuvuka kivuko cha Likoni, ndipo ashike njia ya kambi. Kivukoni mwenda kwa miguu halipi, lakini matatu hulipwa, na teksi ya usiku hulipwa zaidi. Matibabu huwa bure, safari haiwi bure.

Kwa sababu hiyo mama mwenye busara huweka na ngao ya pili. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilishika mahali pa NHIF, bima iliyokuwako tangu 1966. Aliyejiandikisha hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya Serikali. Kulazwa hospitalini ndiko kunakotaka michango iwe imelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Kwa mshahara wa shilingi 40,000 ni shilingi 1,100 kwa mwezi, ambapo NHIF ilikuwa ikichukua 1,000. Kwa mshahara wa 100,000 ni 2,750 badala ya 1,700. Wengi wamenung'unika, wala si ajabu, hasa wanapofika zahanati wakaambiwa dawa imekwisha wakanunue dukani.

Iko pia kauli ya Katiba ya 2010 ambayo haijulikani sana. Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya afya, na chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 24 chakubali sheria ipunguze haki hiyo kwa wale wanaotumikia jeshi au polisi. Lakini mtoto hakula kiapo cha askari. Haki yake ni kamili kama ya mtoto wa mvuvi wa Bamburi, na hospitali yoyote aliyo karibu nayo usiku ule yapaswa kumpokea akiwa hatarini.

Mzigo ambao askari wengi huusahau ni wazazi. Mama yake aliyebaki shambani Kilifi au Kitui hahesabiwi pamoja na mke na watoto. Huyo hana budi kujiandikisha SHA kama nyumba ya peke yake, na mchango mdogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. Mara nyingi mwenye kuzilipa ni askari yuleyule. Afadhali azilipe mapema kuliko kuitwa kambini siku moja akaambiwa mama amelazwa na hospitali yadai fedha.

Na siku ya kuvua sare nayo huja. Aliyestaafu huhamia mpango wa bima wa wastaafu wa jeshi, uitwao DEFMIS, na huko nako karani wa kwanza atakayekutana naye ataomba cheti cha ndoa na vyeti vya watoto.