Usipoziba Ufa wa Kompyuta

Kompyuta yenye Windows 7 bado huwaka na kuchapa barua kama kawaida. Ubovu wake hauonekani. Januari 14, 2020, Microsoft iliacha kuwapa watumiaji wa kawaida viraka vya usalama. Ufa unaogunduliwa leo hauzibwi. Kivinjari cha Chrome nacho kilikomea toleo la 109, mwaka 2023, hivyo baadhi ya tovuti huweza kukataa kufunguka.

Mei 2017 virusi vya WannaCry vilivuruga hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo tangu Machi, wengi hawakukiweka.

Huna fedha za mashine mpya? Weka Linux nyepesi, ni ya bure. La sivyo, itoe kompyuta hiyo kwenye intaneti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.