Kompyuta Zisizo na Diski

Kompyuta iliyoharibika diski hudhaniwa na wengi kuwa imekufa. Sivyo. Kichakataji, kumbukumbu na kiwambo chake vyaweza kuwa vizima. Kilichopotea ni ghala la programu tu. Ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari huko Mabatini, mjini Mwanza, ina kompyuta 20 za namna hiyo. Je, zitupwe?

La. Mwaka 1985, Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems, nchini Marekani, walitangaza kanuni ya mawasiliano iitwayo BOOTP. Mashine iwashwapo, programu ndogo iliyomo katika kadi yake ya mtandao huuliza mtandao mzima, ikitaja namba yake ya biti 48: mimi ni nani, na programu zangu ziko wapi? Seva huijibu kwa kuipa anwani na jina la faili. Mashine huivuta faili hiyo kwa njia ya waya, huiweka katika kumbukumbu, na kazi huanza.

Wanafunzi wapige hesabu. Faili ya megabaiti 50, ikitumwa kwa kila moja ya mashine 20, ni megabaiti 1,000, yaani megabiti 8,000. Waya wa seva upitishao megabiti 100 kwa sekunde utahitaji angalau sekunde 80.

Faida ni kwamba fundi hutunza diski moja badala ya 20. Hata hivyo, diski hiyo ikifa, darasa zima husimama. Kwa hiyo shule haina budi kuweka nakala yake ya pili, na betri ya akiba kwa ajili ya seva umeme ukatikapo.