Kisunzi si presha kila mara: macho yanaweza kusema

Kwa miezi mitatu nilikuwa siwezi kulalia ubavu wa kulia. Nikigeuka tu, chumba chazunguka kama niko ndani ya mashua iliyopigwa na kusi. Jirani alisema ni presha, mwingine akasema ni upungufu wa damu. Kwenye kliniki nilipimwa presha, ikawa sawa, nikapewa vidonge vya kisunzi. Vidonge vilinilaza, kisunzi kikabaki pale pale.

Daktari wa masikio ndiye aliyenielewa, na alianza na macho. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye maji. Ukigeuza kichwa, maji yale husogea, ubongo ukapata habari, ukayaamuru macho yageuke upande wa pili ili unachokitazama kisitikisike. Sikio likipeleka habari ya uongo, macho huteleza pole pole upande mmoja kisha huruka kurudi. Mruko huo waitwa nistagmasi.

Nilivishwa miwani mikubwa yenye kamera. Ndani ni giza, kwa kuwa jicho likipata kitu cha kukazia hutulia na kuficha kasoro. Kwanza nilifuata nukta ya mwanga, kupima upande wa ubongo. Kisha nililazwa ghafla, kichwa kimegeuzwa kulia na kuning'inia kidogo. Baada ya sekunde chache macho yakaanza kuruka, na kabla ya dakika kwisha yakatulia. Mwisho nilitiwa maji ya vuguvugu na ya baridi sikioni, ili sikio moja lilinganishwe na jingine. Utafiti wa kipimo hiki ulimpa daktari Robert Bárány wa Vienna Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Ikaonekana chembe za chokaa zilizo ndani ya sikio zimetoka mahali pake na kuingia mferejini. Tiba yake haikuwa kidonge. Daktari alinigeuza kichwa na mwili kwa hatua, chembe zirudi zilikotoka. Mara ya pili nikapona.

Ukienda kupimwa, usipake wanja, kwani kamera hukosea mboni. Muulize daktari dawa gani usimamishe; usiache ya presha kwa shauri lako. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Lakini kisunzi kikija pamoja na ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kuona viwili viwili au kushindwa kutembea, usingoje miwani. Hiyo yaweza kuwa kiharusi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Na kama mashine iko mbali nawe, jua kuwa kile kipimo cha kulazwa chataka kitanda na daktari anayekijua, basi. Mwambie kisunzi chako huja ukifanya nini, kisha umwombe akitazame macho yako.