Jina Lililopotosha Matabibu

Mwaka 1906, huko Panama, daktari Mmarekani Samuel Darling alieleza vijidudu alivyoviona kwa hadubini katika maiti aliyemdhania kuuawa na kifua kikuu. Kwa kuwa vilifanana na vile vya kala-azar, alivibatiza Histoplasma capsulatum, akimaanisha kijidudu cha tishu chenye ganda. Ganda hilo, ajabu, halipo. Na ilipofika 1934 ilithibitika kwamba ni kuvu.

Msomaji wa Nakuru asicheke. Jirani zetu wa Baringo wanaijua kala-azar, na kifua kikuu tunacho. Homa ya muda mrefu, wengu kuvimba, mwili kukonda: kuvu hii, ivutwayo pamoja na vumbi la kinyesi cha popo au ndege, huleta dalili zizo hizo, hasa kwa wenye virusi vya Ukimwi. Pengine hujitokeza kwa vidonda vya kinywani tu. Ile aina ya Kiafrika, duboisii, aghalabu hushika ngozi na mifupa, mgonjwa asikohoe kabisa.

Wengi wetu neno kuvu twalihusisha na mkate uliochacha, wala si maradhi. Nani basi ataliuliza zahanati? Mgonjwa aliyemeza dawa za kifua kikuu asipate nafuu, naye ana uvimbe ngozini, astahili kipande cha uvimbe huo kikatwe na kupimwa. Dawa ya kuvu ipo.