Kreatini: Kopo la bei kali halimaanishi nguvu zaidi

Uko Misungwi, umetumiwa WhatsApp picha ya makopo matatu. Muuzaji yuko Mwanza mjini au Kariakoo, mzigo utakuja na basi, kazi yako ni kuchagua na kutuma hela. Kopo la kwanza ni kreatini monohaidreti, bei ya chini kabisa. La pili ni kreatini HCl. La tatu ni ile iliyopunguzwa asidi, maarufu kwa jina la Kre-Alkalyn. Muuzaji anakwambia la kwanza ni la kizamani, achana nalo.

Kwa upande wa sayansi, hilo la kizamani ndilo lenye ushahidi mwingi kuliko mengine yote.

Tuanze na kitu chenyewe. Kreatini si steroidi. Ini na figo zako zinatengeneza kama gramu 1 kwa siku, na nyingine unaipata kwenye nyama na samaki. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua mwaka 1832 ndani ya nyama, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo: nyama. Kwa hiyo mla sato na sangara wa Kanda ya Ziwa tayari anaipata, ila kidogo. Kilo moja ya nyama au samaki mbichi kwa kawaida ina gramu 3 hadi 5, na sehemu yake inapotea jikoni. Kumaliza kilo nzima kila siku si mchezo, ndiyo maana watu wananunua unga.

Ikishafika kwenye msuli, inasaidia kurudisha haraka nguvu inayotumika kwenye kazi nzito ya sekunde chache, kama kunyanyua vyuma, kuruka au mbio fupi. Kama wewe ni mtu wa mbio ndefu, usitegemee makubwa.

Mwaka 1992 Roger Harris na wenzake walionyesha kwamba kuinywa kunaongeza kreatini ndani ya msuli. Waliitumia monohaidreti. Utafiti mwingine wa 1996 ulikuta kwamba gramu 20 kwa siku kwa siku 6, au gramu 3 tu kwa siku 28, vyote vinafikisha msuli karibu kiwango kilekile. Maana yake huna haja ya kulifakamia kopo wiki ya kwanza. Kuwa mvumilivu tu.

Haya mengine je?

HCl inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji, hilo ni kweli. Lakini monohaidreti nayo inafyonzwa karibu yote tumboni, hivyo faida ya kuyeyuka inaishia kwenye glasi. Halafu angalia kipimo: gramu 5 za monohaidreti zina kama gramu 4.4 za kreatini yenyewe. Gramu 2 za HCl, kiasi ambacho makopo mengi yanadai kinatosha, zina kama 1.6 tu. Unalipa zaidi, unapata pungufu.

Iliyopunguzwa asidi ilipambanishwa na monohaidreti mwaka 2012, kwa watu 36 waliozoea mazoezi, siku 28. Hakukuwa na tofauti, si kwenye kreatini ya msuli wala kwenye nguvu.

Kuna pia aina iitwayo ethili esta. Hii ndiyo iliyochemsha kabisa. Utafiti wa 2009 kwa wanaume 30, wiki 7, ulikuta haikuishinda monohaidreti. Kilichopanda kwenye damu yao ni kreatinini, yaani mabaki ya kreatini iliyokwisha kuvunjika. Walikuwa kama wananunua taka.

Figo zako na majibu ya maabara

Hapo kwenye kreatinini ndipo watu wanapopata presha bure. Ndiyo inayopimwa kuangalia figo. Ukiwa unatumia kreatini, namba inaweza kupanda kidogo hata kama figo ziko salama. Ukienda kupima, iwe hospitali ya wilaya au Bugando, mwambie daktari kabla ya kutoa damu. Ukinyamaza, anaweza kukutafutia ugonjwa ambao huna.

Tafiti kwa watu wenye afya njema hazijaonyesha madhara ya figo kwa kipimo cha gramu 3 hadi 5 kwa siku. Uzito unaweza kuongezeka kilo moja au mbili mwanzoni, mengi yake ni maji. Ila kama una tatizo la figo, kisukari au presha ya kupanda, una ujauzito au hujafika miaka 18, muone daktari kwanza.

Wanamichezo: kreatini haijapigwa marufuku na shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA. Hatari ni kopo lililochanganywa na vitu vingine, kwa hiyo lebo isiyotaja mtengenezaji wala gramu iache.

Na usikoroge asubuhi ukanywe kesho. Ikikaa siku 3 kwenye kinywaji chenye asidi kali, karibu asilimia 21 inavunjika. Juisi ya ukwaju au pasheni zina asidi ya kutosha, kwa hiyo ukikoroga humo, kunywa palepale.