Volti Zinazopotelea Njiani: Kusaka Hitilafu za Umeme Kwenye Datsun 240Z

Mwenye Datsun 240Z anapokuja kulalamika kwamba taa zake za mbele ni hafifu, mara nyingi amekwisha nunua betri mpya. Wengine huwa wamenunua na altaneta juu yake. Taa bado hafifu. Ukipima pale kwenye betri unakuta volti 12.6, sawasawa kabisa. Ukipima kwenye balbu wakati taa inawaka unakuta 10 na kidogo. Volti mbili zimebaki njiani: kwenye swichi, kwenye fyuzi, kwenye viungo vya waya, na kwenye ethi iliyoshika kutu. Katika gari la umri huu, sehemu kubwa ya kazi ya fundi umeme ni kuzisaka volti hizo na kujua hasa zimepotelea kiungo kipi.

Gari lenyewe linastahili fundi makini. 240Z ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969, na injini yake ina silinda 6, lita 2.4 na kabureta mbili. Huku Afrika Mashariki gari hili lilijipatia jina vumbini. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine. Tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zimezirudisha 240Z na mdogo wake 260Z kwenye barabara za murram. Ndani ya 240Z hakuna kompyuta. Kila waya unaweza kuifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana huniuma kuona vipuri vinabadilishwa kwa kubahatisha kwenye gari ambalo lingejieleza lenyewe kama lingepimwa.

Kupima nako kuna namna yake. Multimita haivuti umeme wa maana. Waya iliyokatika nyuzi zake ikabaki uzi mmoja itakuonyesha volti 12 kamili ikiwa hakuna kinachotumia umeme upande wa pili, sawa na kamba ya kisimani iliyochakaa: ikining'inia tupu inaonekana nzima, udhaifu unajulikana ndoo ikijaa. Kwa hiyo pima wakati kifaa kinafanya kazi. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya balbu inayopokea umeme. Utakachosoma ndicho kilichopotea wakati wa kwenda. Kisha pima njia ya kurudi, kutoka kwenye pini ya pili hadi nguzo hasi. Nusu volti kwa njia nzima ya kwenda naivumilia. Kwenye ethi sikubali zaidi ya volti 0.2.

Ukishajua ni upande gani, sogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo kurudi kwenye betri. Mahali tarakimu inapoanguka ghafla, hapo ndipo.

Taa za 240Z zina jambo ambalo huwapoteza mafundi wazuri tu. Katika magari mengi swichi ya kubadilisha taa za juu na za chini hukata umeme unaokwenda kwenye balbu. Kwenye gari hili swichi hiyo iko upande wa kurudi. Umeme unafika kwenye balbu kwanza kwa pini moja ya pamoja, unapita kwenye uzi wa taa ya juu au wa chini, halafu unarudi hadi kwenye swichi ya usukani ndipo upate ethi. Swichi ikifa, fundi anachomeka mita kwenye pini tatu za balbu na kukuta volti 12 kwenye zote tatu, kwa sababu umeme umepenya kwenye nyuzi za balbu na kusimama pale ukikosa pa kutokea. Anasema umeme upo, balbu mbovu. Anaweka balbu mpya, nayo haiwaki. Ushahidi ulikuwa mbele yake: pini tatu zenye volti sawa maana yake njia ya kurudi imekatika.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba mzigo wote wa taa unapita kwenye swichi hiyo ndogo ya usukani, bila rilei. Balbu mbili za wati 60 zinavuta ampia 10 hivi. Sehemu za swichi zinazogusana zimeungua kidogo kidogo kwa nusu karne, na kila ohm inayoongezeka hapo inalipwa kwa mwanga. Malipo yenyewe ni makubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani mwanga wa balbu ya kawaida hushuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Huo ndio mwanga ambao ungekuonyesha punda barabarani saa mbili usiku.

Fungua na kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ni zile za bomba la kioo, zinashikwa na vibano vya shaba vilivyopigiliwa ribiti kwenye bamba la plastiki. Washa taa zote, subiri dakika kumi, kisha zima na uguse vibano kimoja kimoja. Kilicho moto ndicho kibovu. Mara nyingi ni cha taa ndogo na za nyuma: shaba imegeuka kahawia iliyokolea, fyuzi inacheza ukiisukuma kwa ukucha, na plastiki ya nyuma imelainika hadi kibano kimelala upande. Fyuzi haijakatika, wala haitakatika, kwa kuwa mkondo haujazidi. Kinachounguza ni ukinzani wa kiungo. Kiungo chenye ohm 0.1 tu, kikipitisha ampia 10, kinazalisha wati 10 za joto mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Kusugua vibano kwa msasa laini kunasaidia kwa muda. Kama ribiti za nyuma zimelegea, kisanduku kinahitaji kubadilishwa au ribiti zilehemiwe upya na mtu mwenye mkono mtulivu.

Kwa taa, dawa ninayoipendekeza bila kusita ni rilei mbili, moja ya taa za juu na moja ya chini, zikipata umeme wao moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yao, na waya nene hadi kwenye balbu. Swichi ya usukani inabaki na kazi ya kuamuru rilei tu, kazi isiyofika hata nusu ampia. Fundi akumbuke ule mpangilio wa upande wa kurudi anapoziunga. Wapo wapenzi wa magari haya wanaokataa kuongeza chochote ambacho hakikutoka kiwandani, na nawaheshimu, lakini rilei hufichwa kwa urahisi, huondolewa kwa dakika chache, na ndizo zinazoiokoa swichi ya asili ambayo ni ghali na adimu.

Sasa tazama amita kwenye dashibodi, ile inayoonyesha kama betri inachajiwa au inaishiwa. Katika 240Z si pambo: umeme unaotoka altaneta kwenda kwenye betri unapita ndani yake kweli. Nyuma ya dashibodi kuna waya nene mbili zenye umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na ulinzi wake ni waya ya kuyeyuka tu. Usipeleke mkono wala bisibisi huko kabla hujang'oa nguzo hasi ya betri. Natu zinazoshika waya hizo zikilegea kwa mtikisiko wa barabara, gari zima linapoteza umeme ghafla, kisha linaupata tena likiruka shimo. Gari likizimika na kuwaka lenyewe bila mpangilio, mimi huanzia hapo.

Amita hiyo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu na mtindo wa kufunga altaneta ya Datsun 280ZX. Wazo lenyewe ni zuri. Altaneta ya asili inadhibitiwa na kisanduku cha pembeni chenye vigusanishi vidogo vya kimakanika. Vikichoka, volti hupanda kupita 15 na betri ikachemka, au hubaki chini ya 13 ukiwasha taa. Kipimo kizuri injini ikizunguka ni kati ya 13.8 na 14.5. Altaneta ya 280ZX ina kidhibiti ndani yake na inatoa ampia 60, lakini kipimo cha amita ya 240Z kinaishia 45. Betri ikiwa imeishiwa kabisa na altaneta hiyo ikaanza kuijaza, mkondo unaopita nyuma ya dashibodi unazidi kile amita hiyo ilikusudiwa kubeba. Anayeifunga apitishe waya mpya nene kutoka altaneta hadi betri, na aweke diodi kwenye waya ya kuwashia altaneta. Bila diodi, umeme unaweza kurudi kinyume hadi kwenye koili, na injini ikaendelea kunguruma baada ya kutoa ufunguo.

Kuna hitilafu nyingine ambayo humfanya mwenye gari asafishe kabureta bure. Ukigeuza ufunguo injini inawaka vizuri; ukiuachia tu urudi mahali pake, inazima papo hapo. Petroli haihusiki. Wakati stata inazunguka, koili hupewa umeme kwa njia ya mkato. Ufunguo ukirudi, umeme huo huanza kupita kwenye kipingamizi kidogo cha kauri kilicho karibu na koili, na kabla yake, kwenye 240Z za mwanzo, hupita nyuma ya saa ya mizunguko ya injini. Geuza ufunguo bila kuwasha, pointi za distribyuta zikiwa zimefungana, upime pande mbili za kipingamizi. Ukipata 12 upande mmoja na sifuri upande wa pili, kipingamizi kimekatika. Sifuri pande zote mbili, rudi nyuma kwenye plagi za saa ya mizunguko na swichi ya ufunguo. Kikiwa kizima, upande wa koili utasoma volti 6 hadi 9. Fanya haraka, kwa kuwa koili hupata moto ikikaa hivyo. Na usikubali kipingamizi kirukwe kwa kipande cha waya ili ufike nyumbani kisha ukasahau: pointi zitaungua.

Stata inayozunguka kivivu ipimiwe ethi kwanza. Weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako akanyonge ufunguo. Mita ikipita nusu volti, mkanda wa ethi umechoka. Magari yaliyokaa Mombasa au Tanga hupatwa na hili mapema, chumvi ikishaingia kati ya shaba na chuma na kuacha ule ukungu wa kijani. Dalili ya kutisha ni waya ya choki kupata moto unapowasha gari: umeme wa stata, ukikosa njia yake, umeamua kurudi kupitia hapo.

Fyuzi inayokatika kila ukiweka mpya ni habari tofauti, hapo kuna waya inayogusa chuma. Acha kuzimaliza fyuzi, na tafadhali usiweke karatasi ya sigara. Funga balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, waya bado inagusa. Tikisa wayaringi kipande kwa kipande, hasa inapopenya kwenye tundu la chuma lililopoteza mpira wake; balbu ikififia au kuzimika ghafla, mkono wako uko juu ya tatizo.

La mwisho ni betri inayolala nzima na kuamka imekufa. Zima kila kitu, funga milango, ng'oa nguzo hasi na uweke mita ya ampia kati yake na betri. Gari hili halina cha kuvuta usiku ila saa yake ndogo ya dashibodi. Ukiona zaidi ya miliampia 50, kuna kinachovuja. Toa fyuzi moja moja ukiangalia tarakimu. Zikiisha zote na tarakimu haijashuka, nenda kwenye altaneta, ambayo waya yake nene haipiti kwenye kisanduku cha fyuzi. Iguse asubuhi kabla gari halijawashwa. Ikiwa ni vuguvugu, diodi zake zinarudisha umeme. Toa nguzo hasi, ing'oe ile waya nene na uifunike ncha kwa utepe, kisha rudisha mita na usome upya.